Waliohama bila Kuaga: Uchambuzi wa Kisa cha Riwaya ya Mahame

Mswada ulifia ukurasa wa 61. Nilikuwa nimekwisha andika sura nne za riwaya ya fumbo na ya kutisha. Binti mpima ardhi anatumwa kwenye kijiji kilichohamwa nyuma ya hori, pwani ya kaskazini ya Kenya, akapime mipaka kabla ya eneo hilo kugeuzwa mashamba ya chumvi. Sura ya kwanza anasikia nyayo. Sura ya pili anaona kanzu nyeupe ikipita kati ya magofu mawili. Sura ya tatu kuna damu ukutani. Sura ya nne sikuwa na kitu tena mkononi, na kila nilichoongeza kilizidi kupiga kelele na kupungua kutisha.

Dada yangu ndiye msomaji wangu wa kwanza. Aliusoma mswada kwa jioni mbili, akaurudisha na swali moja tu: "Huyo mzuka ataka nini?" Sikuwa na jibu. Akaendelea: "Na hawa watu, walihama kwa nini?" Jibu la hilo lilikuwamo, mstari mmoja katika sura ya pili: kijiji kilipigwa na laana. Aliponitazama nikajua kwamba hata mimi siuamini mstari huo.

Ninakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu wengi wanaojaribu riwaya za namna hii kwa Kiswahili hufia ukurasa huohuo. Tunaanza na mzuka, na mahali tunapaacha pawe pazia la nyuma tu. Nami nilirudi nikaanza na mahali. Nilichukua hame moja la kweli, nikalifungua kama mtu anavyofungua jalada la kesi, nione hofu yake inatoka wapi hasa. Hame hilo ni Gede.

Gede ni mji, wala haikuwa kijiji. Iko karibu na Watamu, kilomita 16 hivi kusini ya Malindi, ndani ya mabaki ya msitu, karibu na msitu mkubwa wa Arabuko-Sokoke. Ukuta wake wa nje ulizunguka ekari 45 hivi, na makadirio ya kawaida huwapa wakazi wake zaidi ya 2,500 katika karne ya 15, mji ulipokuwa umenona. Katika riwaya nimeupunguza hadi kaya arubaini, maana hofu huyeyuka penye watu wengi. Lakini mifupa ya kisa ni ya Gede.

Ukishuka garini kwenye barabara kuu hukuti mahame. Unakuta Gede iliyo hai, yenye maduka, bodaboda, mahamri asubuhi, na watoto wa shule wanaopita kwa makundi. Penye lango la magofu pana mradi wa Kipepeo, ambako wakulima wa kandokando ya msitu wamekuwa wakiuza mabundo ya vipepeo, yaani viwavi waliokwisha jifunga kabla ya kuota mbawa, tangu miaka ya 1990. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huu wa kale katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Hayo yote yananifurahisha kwa moyo wangu wote, ila hayatishi. Nilikwenda asubuhi mapema, kabla ya mabasi ya shule, nikakaa Msikiti Mkuu peke yangu mpaka jua likapenya majani.

Wanaoshukiwa

Jambo la kwanza lililonishika Gede ni ukimya wa maandishi. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Wareno wakawa na makao hapo kwa karibu miaka mia moja. Waliandika habari za bei, ugomvi, mvua na wafalme. Lakini mji wenye kasri, msikiti mkubwa na kuta mbili, ulio mwendo wa siku moja kwa miguu, hawakuutaja kwa jina tunalolijua. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyechimba hapo kuanzia 1948 hadi 1958, alipendekeza kwamba huenda waliujua kwa jina jingine, Kilimani. Jina Gede lenyewe linasemwa kuwa ni la Kioromo, lenye maana ya kitu cha thamani. Kwa hiyo hata jina tunaloliita leo huenda lilibandikwa na wageni waliokuja wenyewe walipokwisha kwenda.

Mwandishi wa riwaya ya fumbo akipewa zawadi kama hiyo na kuiacha iende bure, basi hana haki ya kulalamika. Mji uliopoteza hata jina lake unatisha kuliko kanzu yoyote nyeupe.

Kwa nini waliondoka? Kesi ina washukiwa wanne wanaotajwa sana, nami niliwahoji mmoja mmoja, kwanza kama mtu anayetaka ukweli, kisha kama mwandishi anayetaka hadithi.

Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, pande za mto Zambezi, wanatajwa kwanza. Mwaka 1589 waliishukia Mombasa, wakapanda kaskazini hadi Malindi, na huko wakazimwa kwa msaada wa Wasegeju, kabila la pwani hiyo. Njia yao ilipita pande hizo za Gede. Mshukiwa huyu ana nguvu na ana tarehe, ila kwa riwaya yangu hafai. Adui anayekuja na panga hutisha siku moja. Akishapita, kilichobaki ni msiba, na msiba ni kitu kingine kabisa. Wapo pia Waoromo, wafugaji waliosogea kutoka kaskazini na ambao kusogea kwao kunahusishwa na kuhamwa kwa miji mingi ya bara pwani ile. Hawa angalau ni hofu ya polepole, ila bado hofu inatoka nje ya ukuta. Wa tatu ni siasa. Mwaka 1593 Wareno walihamia Mombasa, ujenzi wa Ngome ya Yesu ukaanza, na mtawala wa Malindi akahamia huko pia. Malindi ikafifia, na miji iliyokula kwa mkono wake ikala kidogo. Hili ni la kweli na ni zito, ila sijui namna ya kumwogopesha msomaji kwa kupungua kwa biashara.

Wa nne ni maji. Kando ya Msikiti Mkuu kuna kisima, na uchimbaji ulionyesha kwamba kiliwahi kuchimbwa zaidi, kikaongezwa kina. Maana yake maji yalikuwa yakishuka.

Nilikaa na neno hilo, yakishuka, kwa siku nyingi. Adui huja, njaa huingia, lakini maji hushuka, na hushuka chini ya miguu ya watu wanaoendelea kusali, kuoana na kupaka chokaa kuta zao. Hakuna siku moja mtu anayoweza kuinyooshea kidole akasema mji ulikufa leo. Kinachoonekana ni kamba tu. Mwaka huu inafika. Mwakani yatakiwa kuongezwa shibiri moja. Baada ya miaka kadhaa ni dhiraa. Na anayeijua kamba si bwana mwenye nyumba aliyekaa barazani akitia udi kwenye kanzu. Anayeijua ni mteka maji: mjakazi, mtwana, mtoto wa kike anayetumwa kabla ya alfajiri. Mji mzima unaweza kuwa umekwisha hukumiwa na aliyeisikia hukumu akawa mtu mmoja ambaye hakuna anayemuuliza neno.

Hapo mswada ulifufuka. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikimtafuta muuaji. Kumbe fumbo langu lilikuwa juu ya mtu aliyejua akanyamaza. Katika hame langu la kubuni, mtumishi wa msikiti ndiye mwenye kamba, naye usiku huiunga kwa siri, fundo kwa fundo, ili watu wasione. Kwa nini? Hilo ndilo linalombeba msomaji kurasa mia mbili. Labda aliogopa kulaumiwa. Labda aliwahurumia. Labda kulikuwa na mtoto aliyezaliwa mwaka ule na hakutaka mama yake abebe mimba nyingine njiani. Sababu ya kweli naijua na sitaitoa hapa.

Kuna ushahidi mmoja wa Gede ninaoupenda kupita yote, na wageni wengi hupita bila kuutazama. Ni ukuta wa ndani. Mji ulikuwa na ukuta wa nje, kisha ukajengwa mwingine mdogo ndani yake. Fasiri inayokubalika ni kwamba mji uliwahi kupungukiwa na watu sana katika karne ya 16, kisha baadhi wakarudi, wakawa wachache mno kuweza kuushika mji wote. Wakajikunyata katikati. Mwanzoni mwa karne ya 17 nao wakaondoka.

Fikiria maisha ya wale waliorudi. Wamejifungia ndani ya ukuta mdogo, na nje yake, lakini bado ndani ya mji wao wenyewe, kuna nyumba za jamaa zao zisizo na taa. Usiku wanajua kila mlango ulipo. Wanajua nani alikuwa akilala wapi. Watu hao waliishi katika mji wenye watu na uliohamwa kwa wakati mmoja. Sura nzima ya riwaya, ya saba, nimeitoa hapo, na ni sura pekee niliyoiandika kwa usiku mmoja.

Mkasi, ghala na sange

Waliochimba Gede waliziita baadhi ya nyumba kwa vitu walivyovikuta ndani yake. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Kauri, yaani zile simbi za pwani zilizotumika kununulia vitu. Nimeyasoma majina hayo kwa sauti mara nyingi, yanasomeka kama orodha ya mirathi isiyo na warithi.

Mkasi ndio ulioniuma. Chuma zama zile hakikuwa cha kutupwa. Mtu anayehama asirudi tena huchukua mkasi wake. Anayeuacha ama ametoka mbio, ama ameaga kwa siku mbili tatu akaenda kumwona mgonjwa kijiji cha pili, naye anakusudia kurudi kabla nguo haijakauka. Akiolojia itanijibu, na ni haki yake, kwamba mkasi mmoja si ushahidi. Huenda ulipotea tu miaka mingi kabla, ukafunikwa na vumbi, na mwenyewe akautafuta mpaka akakata tamaa. Nakubali. Lakini hata jibu hilo lina mtu ndani yake, anainama, anatazama chini ya kitanda, anamshuku mtoto wa jirani. Mahame hutisha pale kitu kidogo kinapomrudisha mtu mzima mbele ya macho yako, kisha kikanyamaza.

Nyumba zile zina jambo jingine. Nyuma ya vyumba vya kulala huwa kuna ghala jembamba lisilo na mlango. Lilikuwa likiingiwa kwa tundu la juu ukutani, kwa ngazi bila shaka, na humo ndimo ilimowekwa mali. Leo dari zimekwisha anguka, jua linaingia, na ukisimama karibu unaona ni chumba kitupu tu. Ila mwandishi hana budi kuirudisha dari kichwani mwake. Ndani ya nyumba yako kuna chumba ambacho huwezi kukiingia kwa kutembea. Unalala, na nyuma ya ukuta kuna giza lililojengwa kwa makusudi. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na pango, na msitu, na mlango wa siri uliofunguka kwa kusukumwa. Nimevifuta vyote. Ghala moja lisilo na mlango lilitosha.

Sasa niseme juu ya nyayo, maana zile za sura ya kwanza ndizo zilizonifedhehesha zaidi. Ukikaa kimya Gede utasikia nyayo kweli. Kwenye majani makavu kati ya magofu anaishi sange mwenye kiuno cha manjano, mnyama mdogo wa pua ndefu ambaye makazi yake makuu duniani ni Arabuko-Sokoke na vipande vya msitu vilivyoizunguka. Akishtuka huchapa mkia kwenye majani, tap, tap, tap, kisha hukimbia, na unachoona ni kipande cha manjano kikizima kivulini kama moto wa kibiriti. Kima wanapita juu. Hondohondo anapiga mbawa zake, na mbawa zake zina kishindo.

Mwandishi mchanga huwaficha wanyama hawa kwa kuogopa kwamba wataua siri. Nilifanya hivyo. Sasa naona ni kinyume. Katika mswada mpya nimempa msomaji sange mapema kabisa, ukurasa wa 9. Binti mpima ardhi anamwona, anacheka, anamwandika katika daftari lake. Kuanzia hapo kila sauti kwenye majani msomaji anajua ni nini, na anastarehe. Ukurasa wa 140 sauti inakuja tena, tap, tap, tap, na binti hageuki kwa sababu anaijua. Kisha anakumbuka kwamba amesimama ndani ya msikiti, juu ya sakafu ya chokaa, na hapo hapana jani hata moja.

Kusubiri

Bado nilikuwa sijalijibu swali la dada yangu la kwanza. Huyo mzuka anataka nini?

Msaada ulikuja kutoka kwa Kirkman mwenyewe, mtu wa vipimo na vigae, ambaye hakuwa na sababu ya kutunga hadithi za kutisha. Aliandika kwamba alipoanza kazi Gede alihisi kuna kitu au mtu anayemtazama kutoka nyuma ya kuta, asiye adui wala rafiki, bali anayengoja jambo analojua kwamba litatokea. Watu wa jirani, Wagiriama kwa wingi, wamekuwa wakisimulia habari za wazee wa mji ambao roho zao bado zinapalinda mahali pale na kuwadhuru wanaopaharibu. Wa kwanza alikuja na sururu, hawa wengine walizaliwa pale, na maelezo yao yanakutana kwenye neno kulinda na neno kungoja. Kumdhuru mpita njia tu kwa sababu amepita hakumo.

Hapo nikakumbuka fingo. Kwa wasiolijua neno hili, ni desturi ya zamani ya pwani: chungu chenye dawa na maandishi kinafukiwa chini, kizingitini au penye lango, na inaaminiwa kwamba jini huwekwa hapo alinde nyumba au mji. Mwenye nia njema hupita salama. Mwenye nia mbaya hupotewa na akili. Bibi yetu alikuwa akilitamka neno hilo kwa sauti ya chini, kana kwamba chungu kinasikia.

Basi jiulize. Nyumba imewekewa mlinzi. Mwenye nyumba anahama. Anachukua watoto, anachukua mikeka, anasahau mkasi. Nani anamwambia yule aliye kizingitini kwamba zamu yake imekwisha?

Nililiandika swali hilo kwenye karatasi nikalibandika juu ya meza, na kila sura iliyopingana nalo niliitupa. Damu ya ukutani ilikwenda. Kanzu nyeupe ilikwenda. Kilichobaki ni mlinzi mwaminifu ambaye hakuagwa. Haui mtu. Anafanya kazi yake. Na kazi yake, katika hame langu, ni ileile ya mtumishi wa msikiti aliyemfundisha: kutazama maji.

Ndiyo sababu binti yangu ni mpima ardhi. Anashuka kisimani kwa ngazi ya kamba akachukue kina chake, ni sehemu ya kazi aliyotumwa. Ukutani mwa kisima, kwenye jiwe la matumbawe, anakuta alama zilizochongwa, moja chini ya nyingine, kila moja ni mwaka, kila moja inaonyesha maji yalipofika. Za juu zimekuwa nyeusi kwa umri, zimeota ukoga. Anazihesabu akishuka. Jiwe la matumbawe lililochongwa zamani huwa kijivu na jeusi, lililochongwa karibuni huwa jeupe. Tochi yake inafika kwenye alama ya mwisho, na alama ya mwisho ni nyeupe.

Sina haja ya damu baada ya hapo.

Ili nijue kama nadharia hii inasimama niliijaribu kwa hame jingine. Takwa iko kisiwani Manda, jirani ya Lamu, nayo ilihamwa karne ya 17. Ina msikiti, ina kaburi la mnara, ina mibuyu na ukimya wa kutosha, na watu wengi hutaja uhaba wa maji matamu katika kuhamwa kwake vilevile. Kwa vipimo vyote ilipaswa kutisha kama Gede. Haitishi. Nimekwenda mara mbili na mara zote mbili nimejisikia kama mgeni kwenye nyumba ya watu waliotoka kidogo. Nadhani sababu yake ni hii: watu wa Takwa wanasemwa kuvuka maji wakaenda Shela, na watu wa Shela bado huja hapo mara mbili kwa mwaka kusali na kuomba mvua penye lile kaburi. Kaburi lina wenyewe. Kuna mtu wa kusema tumekuja, kuna mtu wa kusema tunakwenda. Waliohama Takwa waliaga, na wanaendelea kuaga mpaka leo.

Gede ina kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, tarehe iliyochongwa wazi na ambayo wataalamu waliitegemea kupanga umri wa vitu vingine. Aliyelala hapo tunajua alizikwa lini. Wafu wa Gede wana mahali na wana hesabu. Wasio na mahali ni wale waliotoka kwa miguu yao. John Kirk alipofika mwaka 1884, akiwa balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar, mizizi ilikuwa imekwisha shika kuta, na hakuna ukoo uliojitokeza kusema babu zetu walitokea hapa. Nimelibadilisha wazo lote la riwaya kwa sababu hiyo. Binti mpima ardhi hatafuti tena nani amekufa. Anatafuta walikokwenda walio hai.

Hodi

Limebaki jambo dogo, nalo ndilo lililonipa mwisho.

Asubuhi ile nilipotoka Msikiti Mkuu nilikuta mzee ameketi chini ya mkwaju, kanga ya kiunoni, fimbo mapajani. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia marahaba, akanitazama nilikotoka.

"Umepiga hodi, mwanangu?"

"Kwa nani, babu? Hakuna mtu."

"Wajuaje kwamba hakuna?"

Hakucheka, wala hakunitisha. Aliuliza kama anayeuliza iwapo nimekunywa chai. Kisha akahama kwenye habari za mvua, kwamba mwaka huu imechelewa.

Katika sura zangu nne zilizokufa, binti aliingia kila nyumba bila kupiga hodi. Mswahili aliyelelewa na mama yake hawezi kufanya hivyo, hata kwenye gofu, mdomo utamtangulia. Na hodi ina sheria yake ambayo kila mtoto wa pwani anaijua: unapiga mara tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka. Nilikuwa na kijiji cha Waswahili, magofu ya Waswahili, na mhusika aliyetembea ndani yake kama mtu wa filamu za kigeni. Msomaji alikuwa ameuhisi uongo huo tangu ukurasa wa kwanza, hata kama hakujua auite nini.

Katika mswada mpya binti anapiga hodi kila kizingiti. Mara tatu, kwa adabu, halafu anasoma kipimo chake nje na kwenda nyumba inayofuata. Haingii. Kazi inachelewa, ofisini wanampigia simu, yeye anashikilia adabu yake. Kisha siku ya tano mvua inamkuta uwanjani, kubwa, ya ghafla, na nyumba pekee iliyobaki na kipande cha dari ni ile niliyoipa mkasi. Anapiga hodi ya kwanza. Ya pili hamalizi, anaingia mbio, anasimama na mgongo wake kwenye ukuta wa ghala, maji yakimchuruzika.

Mvua inakatika. Anasikia matone, anamsikia sange kwa mbali, kwenye majani, mahali pake anapostahili kuwa. Anachukua daftari akaandike saa aliyoingia.

Kizingitini, kwa nje, sauti ya mtu mzima, ya upole, iliyochoka kidogo, inasema: "Hodi."

Nimelijaribu jibu lake mara nyingi. Akisema karibu, amekubali kwamba nyumba ni yake, na mlinzi amepata wa kumlinda. Akisema ondoka, anamfukuza aliyekaa zamu miaka yote hiyo bila kulipwa hata neno. Dada yangu anataka aseme "Ahsante, sasa pumzika," na huenda akawa na haki, maana ndivyo angesema mtu mwema. Lakini binti yangu ni mpima ardhi, ana miaka 26, amelowa, anatetemeka, na alama ile nyeupe bado iko machoni mwake. Anafunika daftari. Hodi ya pili inakuja, polepole, kama ya mtu anayejua kuwa kuna mtu ndani.

Ya tatu nimeiacha nje ya ukurasa.